Mgonjwa Haulizwi Uji

Kwa wiki tisa nilimtilia bibi yangu dawa kwenye uji bila yeye kujua.

Shangazi alikuwa anapika uji wa uwele alfajiri, kisha anawahi biashara yake Soko la Majengo. Mimi nilikuwa nasubiri uji upoe, kwa sababu karatasi ya maelezo ilisema dawa ile isipashwe moto. Ukishapoa natia vijiko vinne vya chai vya unga wa rangi ya kahawia hafifu, nakoroga mpaka usionekane, naongeza sukari kidogo. Kisha nampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama nilivyofundishwa tangu utotoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Heshima yote hiyo, na ndani ya kikombe kuna uongo.

Siku ya tatu dhamiri ilinisumbua, nikamwambia shangazi. Alinijibu bila kugeuka, mikono yake ikiwa kwenye beseni la vyombo: "Mgonjwa haulizwi uji." Nikanyamaza. Methali ikisemwa na mkubwa inakuwa kama mlango uliofungwa, na wewe unashukuru kwamba umefungwa, maana huna tena wajibu wa kutazama kilichomo ndani. Methali ile ilinitosha kwa wiki kadhaa, halafu ikaacha kunitosha.

Bibi ana miaka 76. Ni mzaliwa wa kijiji kimoja wilayani Chamwino, na tangu figo zake zianze kuchoka kwa presha ya miaka mingi anaishi nasi mjini Dodoma, Ipagala, awe karibu na hospitali. Mwaka jana vipimo vilionyesha potasiamu yake imefika 6.3. Daktari hakutupigia kelele, lakini alivyoinuka haraka kwenye kiti chake kulitosha kutueleza. Walimpima moyo, wakamchoma sindano, wakamlaza siku mbili.

Nilisoma kuhusu potasiamu usiku ule kwenye benchi la wodi. Ni madini ambayo bila hayo misuli haifanyi kazi na moyo haupigi. Mtu mwenye afya huwa na kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa kila lita ya damu. Tunaipata katika chakula, na figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya ziada kupitia mkojo. Figo zikichoka, ziada inabaki. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haibishi hodi. Mtu anaweza kuwa barazani anachambua mboga na kutaniana na jirani, huku moyo wake unakaribia kupoteza mdundo.

Tuliruhusiwa na vitu viwili: dawa ya unga na karatasi ya vyakula vya kuepuka au kupunguza. Karatasi ilisema ndizi, machungwa, parachichi, viazi, nyanya, maharage, matunda makavu, mboga za majani. Mboga nyingine ukizichemsha na kumwaga maji, sehemu ya potasiamu inaondoka na maji hayo. Lakini bibi ni Mgogo, na mboga yake ni mlenda: majani yaliyokaushwa juani, yakatwangwa, yakapikwa yakiwa unga. Hapo hakuna maji ya kumwaga. Jua limeshachukua maji, madini yamebaki. Na ubuyu, ambao kwetu mtoto anaula kabla hajaota meno ya kutosha, nao umejaa potasiamu.

Niliisoma karatasi ile kwa sauti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Aliyeandika hapo, yeye anakula nini?"

Nilicheka. Baadaye nilielewa kwamba halikuwa swali la mzaha. Mama yake bibi alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 mpaka 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Katika nyumba yao kisa hicho husimuliwa kwa majina ya vyakula: nani alipona kwa majani makavu yaliyofichwa kwenye kibuyu, nani alipona kwa ubuyu. Kwa bibi, mlenda na ubuyu ni vitu vilivyomfanya mama yake aishi, na kwa hiyo yeye azaliwe. Sasa mjukuu aliyesoma anamwambia kwamba vitu vile vile vitamuua.

Ule unga aliunywa siku tatu kwa maji. Siku ya nne alisukuma kikombe. "Huu ni mchanga. Sinywi tena." Tulibembeleza, tulinuna, tulimwita mchungaji. Hakunywa.

Ndipo kundi la ukoo la WhatsApp lilipokaa kikao. Tulikuwa watu 14, kuanzia baba mdogo wa Mwanza mpaka binamu zangu wa Dar es Salaam. Kopo moja la ule unga lilikuwa linazidi kodi ya chumba changu cha zamani cha mwezi, na mwenye duka la dawa alikuwa analiagiza kutoka Dar. Watu wamechanga, dawa imekaa kabatini, mgonjwa hataki. Baba mdogo aliandika: "Mtilieni kwenye chakula." Wengine waliweka vidole gumba. Mimi pia niliweka.

Uongo wetu ulifanya kazi, na lazima niseme hivyo waziwazi. Baada ya wiki mbili potasiamu ilishuka mpaka 5.2. Tulifurahi, shangazi akapiga vigelegele jikoni. Bibi aliamini ni kwa sababu amepunguza mlenda na ameongeza sala, akamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikaitikia amina.

Mambo yalianza kwenda kombo kimyakimya. Choo kilikuwa kigumu. Kufunga choo ni mojawapo ya madhara yanayojulikana ya dawa ile, na ningekuwa nimemwambia kwamba anainywa, angejua la kumweleza daktari. Yeye alijua tu kwamba tumbo limegoma, na tangu utotoni alijua tiba yake: ubuyu uliolowekwa. Akamtuma mtoto wa jirani. Kwa siku nyingi, wakati mimi niko chuoni juu kule kilimani na shangazi yuko sokoni, bibi alikuwa anakunywa potasiamu mchana ili kutibu tumbo lililofungwa na dawa niliyompa asubuhi ya kuondoa potasiamu.

Kulikuwa na jingine. Dawa ile hushikamana na dawa nyingine tumboni, kwa hiyo inatakiwa zipishane kwa saa tatu hivi. Bibi alikuwa anameza kidonge chake cha presha kila asubuhi kwa uji. Kwa nini asimeze? Alijua anakunywa uji.

Kliniki iliyofuata, potasiamu ilikuwa imepanda tena, 5.9. Nesi aliuliza kwa upole, kalamu mkononi: "Bibi, ule unga unaunywa vizuri?"

"Unga gani?"

Nesi alinitazama. Shangazi alitazama dari. Bibi alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Kwenye bajaji hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akauliza: "Nani alikuwa anakoroga?"

"Mimi, bibi."

"Nilijua uji una mchanga." Akanyamaza kidogo. "Mimi nikasema ni yule mama wa mashine, ananisagia uwele mchafu. Nimemnunia mama wa watu miezi miwili. Kanisani nimehama benchi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake juu ya mwili wake, juu ya kudanganywa. Sikuwa nimejiandaa kwa mama wa mashine. Nilikuwa nimedhani uongo wetu umekaa ndani ya kikombe, kati yangu na bibi, na nia njema ikiwa kifuniko. Kumbe ulikuwa umetoka nje, umevuka barabara, umemchafua mtu ambaye hajui hata potasiamu ni nini. Bibi alikuwa na ulimi wenye akili. Ulimi ulimwambia kweli kwamba kuna kitu kwenye uji. Sisi tuliokula njama tulimnyima maelezo ya kweli, naye akatafuta maelezo mengine, kwa sababu binadamu hawezi kukaa na mchanga mdomoni bila kumtafuta aliyeuweka.

Jioni ile aliniita barazani, akaniambia nimweleze ule unga ni kitu gani. Si faida yake. Alisema faida ameshaambiwa na watu wengi. Alitaka kujua unafanyaje.

Nilieleza kama nilivyoweza. Nilimwambia jina lake refu ni sodiamu polistirini salfoneti, na kwamba ni dawa ya zamani, Marekani waliiidhinisha 1958. Nikamwambia afikirie mnada. Watu wanakwenda na mbuzi, wanarudi na debe la mahindi. Ule unga unaingia tumboni umebeba mzigo uitwao sodiamu. Haumeng'enywi, hauingii kwenye damu. Ukifika kwenye utumbo mpana unakutana na potasiamu, unatua mzigo wake, unabeba potasiamu, unatoka nayo chooni.

"Kwa hiyo wanabadilishana."

"Ndiyo, bibi."

"Na huyo sodiamu anayebaki tumboni mwangu, ni nani?"

Nilisita. "Ni ile iliyomo kwenye chumvi, bibi."

"Chumvi mliyonikataza?"

Sikuwa na jibu. Gramu 15 za unga ule, yaani kipimo changu cha kila asubuhi, hubeba takriban miligramu 1,500 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Si yote inayoingia mwilini, na daktari aliijua hesabu hiyo alipoandika dawa. Katika tiba hupimwa hatari moja dhidi ya nyingine. Lakini sisi watu 14 hatukuwahi kuuliza. Tulikuwa tumeondoa chumvi mezani kwa ukali, tumempikia mboga zisizo na ladha, halafu asubuhi tunampa sodiamu kwa kijiko. Mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne aliuliza, kwa mara ya kwanza kusikia habari za dawa hiyo, swali ambalo sisi wote na simu zetu hatukuliuliza kwa wiki tisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona ile methali upya.

Nilikuwa nimeshajaribu kuipeleka kwenye semina chuoni. Nilieleza kisa, bibi akiwa "mgonjwa fulani". Mwenzetu mmoja aliyesoma maadili ya tiba alitaja kitabu cha Beauchamp na Childress cha 1979 na kanuni zake nne, akaanza na ile ya kuheshimu uamuzi wa mgonjwa. Mwingine akamkumbuka Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba uongo ni kosa hata ukimdanganya muuaji ili kumwokoa rafiki. Wa tatu akakasirika. Alisema idhini ya mtu mmoja mmoja ni wazo la watu wengine. Kwetu mgonjwa ni wa ukoo, na ukoo ukiamua, mgonjwa ameamua. Wengi tulitikisa vichwa kukubali. Mimi nilitikisa kuliko wote, maana alikuwa ananipa msamaha.

Lakini hoja ile ikichukuliwa kwa dhati inatuhukumu. Ikiwa mgonjwa ni wa ukoo, basi naye ni ukoo. Bibi ndiye mkubwa wetu kuliko wote. Binamu yangu alipotaka kuoa, aliulizwa bibi. Shamba la Chamwino lilipogawanywa, aliulizwa bibi. Hata mbuzi wa sherehe hachinjwi kabla hajaambiwa. Kikao pekee ambacho hakuitwa ni kile kilichojadili tumbo lake mwenyewe, na hakuitwa kwa sababu hayumo kwenye kundi la WhatsApp. Hatukufuata mila. Tuliivunja mila, kisha tukaazima methali yake moja kufunika mahali palipovunjika.

Na methali yenyewe haisemi tulichoisemesha. Mgonjwa haulizwi uji kwa sababu mgonjwa ana haya. Ukimuuliza "Nikuletee uji?" atasema hapana, asije akakusumbua, asije akaonekana anaomba. Kwa hiyo usimuulize. Pika, peleka, weka mkononi. Ni methali ya ukarimu: inamwondolea mgonjwa mzigo wa kuomba. Haikumwondolea haki ya kujua anakunywa nini. Aliyeitunga alikuwa anafikiria uji ambao ni uji.

Najua la kujibiwa. Kuna wagonjwa ambao akili imewatoka, hawajui wako wapi, na anayewatunza hana budi kuamua peke yake. Sizungumzii hao. Bibi anakumbuka madeni ya watu ya mwaka 1985. Na najua jibu zito zaidi: huenda yuko hai kwa sababu ya uongo wetu. Angeendelea kukataa, na 6.3 ikawa 7, leo ningekuwa naandika habari za msiba. Jibu hilo silipuuzi. Sina hakika ningeweza kusimama kaburini nikajipongeza kwamba angalau sikudanganya.

Ninachokijua ni kwamba swali letu lilikuwa baya tangu mwanzo. Tuliuliza: tumwambie ukweli akatae, au tumfiche apone? Kana kwamba njia ziko mbili tu. Njia ya tatu ilikuwa kumuuliza kwa nini anakataa. Nilimuuliza jioni ile barazani, mara ya kwanza. Alisema unga ulimtia kichefuchefu asubuhi kabla hajala, kwamba alipouliza ni wa nini aliambiwa "kunywa tu bibi, ni potasiamu," na kwamba aliona risiti ya duka la dawa mezani akahesabu ni ada ya nani inayoliwa. Mambo matatu. Yote yalikuwa na majibu, na mawili yalihitaji dakika kumi.

Tulichomfanyia ni zaidi ya kumkosea heshima. Tulipunguza idadi ya watu wanaomlinda. Mwili wa mgonjwa una mlinzi mmoja ambaye yuko zamu usiku na mchana, naye ni mgonjwa mwenyewe. Ndiye anayejua lini miguu imeanza kuvimba, lini choo kimegoma, lini mapigo yameruka. Tulimfumba macho mlinzi huyo, halafu tukashangaa ubuyu umepitaje getini.

Kliniki iliyofuata aliingia na maswali yake, mimi nikiwa karani. Aliuliza habari za chumvi. Daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti. Alimwambia kwamba zipo dawa mpya za kazi hiyo hiyo: patiroma, iliyoidhinishwa Marekani 2015, ambayo hubadilishana na kalsiamu badala ya sodiamu, na nyingine ya 2018 ambayo nayo hutumia sodiamu. Hapa mjini nilipozunguka kuulizia, hakuna duka lililokuwa nazo. Wakakubaliana kwa kilichopo: unga ule ule lakini kwa siku chache za juma, kupima uzito na kutazama miguu, kidonge cha presha jioni, ubuyu uachwe, na choo kikigoma aseme mapema. Bibi akaomba mlenda. Daktari akasema kidogo, mara moja kwa juma, siku ya unga. Waliafikiana kama watu wa mnada, kila mmoja akitoa kitu. Vipimo vya mwisho vilisoma 5.1.

Jumamosi moja bibi aliniambia nivae viatu. Tulikwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, polepole, amenishika mkono. Mama wa mashine alitoka amejaa unga mpaka kope. Walisalimiana kwa Kigogo, kwa baridi. Kisha bibi akanisogeza mbele. "Huyu ana neno."

Nilieleza. Sikumtaja shangazi wala kundi la WhatsApp. Nilisema niliweka dawa kwenye uji, na lawama ikamwangukia yeye. Mama yule alinisikiliza huku akijifuta mikono kwenye kanga. "Nilinunua chekeche jipya kwa ajili ya maneno yenu," alisema. Hakucheka. Kisha akampimia bibi kilo mbili za uwele, na walipoanza kuulizana habari za kwaya nilijua nimeshasahauliwa. Hela ya chekeche nilimpelekea mwisho wa mwezi.

Siku za unga bibi anakoroga mwenyewe sasa, kwa maji, baada ya kula kidogo. Anakunja uso, anakunywa, anageuza kikombe kunionyesha kimeisha. Siku nyingine nampelekea uji kama zamani, kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Humu kuna nini?"

"Uwele, maji na sukari kidogo."

Ananitazama. Halafu anakunywa. Ni miezi saba sasa, na bado ananiuliza kila asubuhi, nami kila asubuhi namjibu.